Vipunga Ndani ya Bakuli

"Njoo unisaidie kuua," Bi Salha aliniambia kupitia dirishani. Hata hodi hakupiga.

Nilikuwa nafagia sebule. Nikauegemeza ufagio ukutani, nikajitia sijasikia vizuri. "Shikamoo, Mama. Kuua nini tena asubuhi yote hii?"

"Marahaba. Vipunga, mwanangu. Vimeshapanda mpaka shingoni mwa pembe-paa. Mie macho hayaoni vitu vidogo tena, na mkono unanitetemeka. Wewe mkono wako umezoea."

Mkono wangu umezoea, ndiyo. Mimi msusi. Nusu ya wanawake wa Mtaa wa Chumvini wanatembea na kazi yangu kichwani, na hakuna hapa Tanga anayegawa nywele ikanyooka kunishinda. Lakini sikujivuna siku hiyo. Vipunga vinavyoinyonga amana ya watu, mimi ndiye niliyevipeleka. Mimi najua, na Bi Salha anajua. Mpaka asubuhi ile hakuna aliyekuwa amelitamka.

Nikavaa kanga ya pili, nikamfuata.

Tangi lake liko ukumbini, refu kama kitanda, na kioo chake anakisugua mwenyewe kila siku kwa kitambaa. Nyumba zote za mtaa wetu zina tangi. Bahari ilipopata joto na miamba kufa, kila nyumba ilikabidhiwa kipande kimoja cha tumbawe gumu kukilea mpaka maji ya huko yapoe. Tunakiita amana. Siku ya Kurudisha ikifika, kila mtu ataibeba ya kwake kwa mikono yake mwenyewe mpaka majini. Watoto wanaiimba siku hiyo shuleni, na hata wazee wanaijadili barazani kama arusi ya mtu wa karibu.

Amana nyingi zina wenzao. Kuna nyumba kadhaa zenye bongo la bahari, lile tumbawe la mviringo lenye mikunjo, kama langu, likifa moja yapo mengine. Pembe-paa ya Bi Salha, tumbawe la matawi, haina mwenzake popote. Marehemu mumewe, Mzee Shebuge, aliizamia mwenyewe ilipobaki hiyo moja tu, akaitoa, na baada ya hapo hakuingia tena majini mpaka anafariki. Ilikuwa na matawi mengi ya rangi ya zambarau. Asubuhi ile nilihesabu yaliyo hai nikapata mawili.

Mengine yote yalikuwa yamevishwa vipunga. Loh, na vilikuwa vimependeza! Vinono, vyeupe vyenye waridi kwa mbali, kila kimoja na viganja vyake vidogo vinavyofunguka na kufumba, vinafunguka na kufumba, kana kwamba vinakupungia kukuaga. Ndiyo maana watu wakaviita hivyo. Wataalamu waliviunda ili vinywe uchafu wa maji, mtu asihangaike na mashine za kuchuja zinazokula umeme. Kila nyumba iliyotaka ikapewa ukoo wake wa vipunga, na sheria ilikuwa moja: hakuna kitu chenye uhai kitakachotoka tangi hili kwenda tangi lile. Bi Salha hakuvitaka kabisa. Alisema atasugua mwenyewe.

"Umezima pampu?" nikauliza.

"Nimezima. Na mkaa nimeutia mfukoni, uko pale kwenye kichujio."

Huwezi kuvikata. Ukikata kipunga kimoja umepata viwili, na kila kipande kitakachodondoka juu ya jiwe kitaota. Inabidi maji yatulie, ukoroge chokaa mpaka iwe kama uji mzito, uivute kwa bomba la sindano, halafu ukifunike kila kimoja kuanzia mguuni mpaka kwenye viganja. Kinaungulia humo humo. Kikifa kinatoa sumu, na sumu hiyo inanywewa na mkaa. Ukiua vingi kwa mara moja mkaa unashindwa, na kila kilicho ndani ya tangi kinafuata. Kwa hiyo unaua kidogo, unapumzika, unabadilisha maji, unaanza tena, na wakati umepumzika vyenyewe vinazaa.

Nikaanza kufunika. Bi Salha alikaa kigodani kando yangu, ameshika kopo la chokaa.

"Chokaa hii marehemu alikuwa akiichoma ujanani," akasema. "Kabla haijakatazwa. Walikuwa wanavunja matumbawe, wanayapanga juu ya magogo, yanawaka mpaka yanakuwa unga. Nyumba hii kuta zake ni hayo."

Nikaitikia "mh". Sikutaka mazungumzo.

"Mhina alikuja jana," akaendelea. Mhina ni afisa wa amana, ndiye anayezunguka kukagua matangi. "Kaniuliza nani kanipa vipunga. Nimemwambia vimekuja vyenyewe na maji."

Mkono wangu, huu huu ninaousifu, ukaruka. Tone la chokaa likatoka kwenye sindano, likashuka polepole majini, mimi nalitazama, sina cha kulishika. Likatua juu ya tawi moja kati ya yale mawili. Rangi ya zambarau ikafifia, pakabaki weupe.

"Yarabi," nikasema. "Mama, nisamehe. Nisamehe, mkono umeteleza."

Bi Salha aliinama akatazama kwa muda mrefu, uso wake karibu unagusa kioo. Nilitamani anitukane. Angenipa hata kofi ningeshukuru.

"Tumebaki na moja basi," akasema. "Funika vizuri vile vya upande wa kulia, Siti. Ndivyo vilivyo karibu nalo."

*

Nataka mjue ilivyokuwa siku nilipovipeleka, maana mtaani nimesikia yanasemwa mengine.

Bi Salha alikuwa ameniletea mbaazi za nazi. Bakuli lake la udongo, lile lenye ufa uliozibwa, mbaazi zimejaa hadi juu. Nikala, nikaramba na kidole. Kwetu bakuli la mtu hulirudishi tupu. Hata kama nyumbani hakuna kitu utatia limao, utatia majani ya chai, utatia chochote kile, lakini tupu halirudi. Kurudisha tupu ni kama kumwambia mtu, asante, tusijuane tena.

Na siku hiyo sikuwa nimepika. Nilikuwa nimesuka tangu alfajiri, kwa ajili ya arusi, mgongo umekufa. Nikatazama jikoni, nikatazama kabatini. Halafu nikalitazama tangi langu. Vipunga vyangu vilikuwa vimejaa mpaka vinapanda kioo, nilikuwa navibandua kila wiki na kuvimwaga, na roho ilikuwa inaniuma kuvimwaga. Nikachukua kijiwe chenye vipunga vitatu vizuri, nikakitia ndani ya bakuli na maji yake, nikakifunika na kawa.

"Vitakusafishia maji, Mama," nikamwambia mlangoni kwake. "Mgongo wako upumzike. Na Mhina hana haja ya kujua kila kitu."

Nilicheka niliposema hivyo. Yeye aliangalia ndani ya bakuli, akaniangalia mimi. Angesema nini? Kilikuja ndani ya bakuli lake, kutoka kwa jirani. Mtu wa kwetu hawezi kukikataa kitu kama hicho akakurudishia mkononi. Nilijua hawezi. Hilo ndilo linalonisuta, kwamba nilijua.

*

Jioni ya siku ile ya chokaa nilikuwa namsuka Mwanakombo barazani. Mwanakombo hana baya, ila mdomo wake haujui kufungwa.

"Umesikia ya Bi Salha?" akaanza hata sijafika fundo la tatu. "Tumbawe la mwisho, la mwisho kabisa wallahi, analiacha linakufa. Sijui kaokota wapi hivyo vipunga. Uzee huo. Mtu akizeeka wangemnyang'anya mapema, wampe mtu mwenye nguvu. Kama wewe."

"Tulia, nitakuvuta."

"Si nasema kweli? Tangi lako tazama lilivyochangamka. Lake makaburi."

Nikamvuta kweli, na si kwa bahati mbaya. Akapiga ukelele. Nikasema samahani. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale, mbele ya mtu mmoja tu, na najua mtu huyo mmoja angenisambazia habari bure. Nikachagua kumwuliza kama anataka shanga mwishoni.

Kabla hajajibu, tukasikia hodi. Mhina, na mkoba wake. Kijana mpole, anapiga hodi mara mbili hata mlango ukiwa wazi.

"Karibu, Bwana Mhina. Kagua tu, mimi nina kichwa mikononi."

Akaingia sebuleni. Nikamwona kupitia mlangoni amesimama mbele ya tangi langu, mikono nyuma. Vipunga vyangu vilikuwa vinampungia vyote kwa pamoja.

"Vimestawi," akasema. "Amana yako iko wapi, dada?"

"Iko chini. Imelala tu."

"Imelala?"

"Bongo la bahari linapenda kivuli," nikasema. Wala sijui kama linapenda kivuli. Nilijiambia hivyo siku nyingi kiasi kwamba likatoka mdomoni kama jambo la shuleni. Kila nilipotaka kuchungulia chini ya vile viganja nilikumbuka kuna mteja, kuna sufuria jikoni, kuna nguo za kuanua.

Mhina hakuligusa. Alikuja kukaa kwenye ngazi, akafuta jasho. Alionekana amechoka, na nikajikuta namwuliza ya Bi Salha, kwa sauti ya mtu asiyehusika.

"Haiwezi kusubiri," akajibu. "Nimechukua kipande nimekipeleka maabara, wakitambue ni ukoo wa nyumba gani. Wakati majibu yanarudi lile tawi litakuwa limefunikwa. Kesho baada ya adhuhuri nakuja kulichukua na jiwe lake. Najua litafia njiani. Lakini likibaki pale linakufa vile vile."

"Na ile taa?" akauliza Mwanakombo. "Si walisema kuna taa?"

"Ipo, Mama. Taa ya kwaheri." Akatueleza, na mimi nasuka. Walioviunda vipunga hawakuwa wajinga, walijua vitazidi. Kila ukoo umewekewa rangi yake moja ya mwanga. Rangi hiyo ikiwashwa, vipunga vya ukoo ule vinaachia jiwe vyenyewe, vyote, kwenye kila tangi ambako taa zake zimeunganishwa, na havitoi sumu. Kingine chochote hakidhuriki. "Lakini lazima mwenye ukoo aseme mwenyewe kwamba ni wake. Wakubwa waliogopa mtu asije akamzimia jirani vipunga vyake kwa chuki. Kwa hiyo mwenyewe asimame mbele ya tangi lake, aseme. Angejitokeza hata leo, tungewasha leo hii hii."

"Na akijitokeza anafanywa nini?"

"Ananyang'anywa tangi. Hapewi amana nyingine. Siku ya Kurudisha atatazama wenzake."

Mwanakombo akaguna. "Basi hatajitokeza. Nani huyo?"

Vipunga vilikuwa vinapunga nyuma yetu, sebuleni. Nikafunga fundo la mwisho. Nikamwambia Mwanakombo amependeza.

*

Kesho yake watu walijaa kwa Bi Salha kama kuna msiba. Wengine walikuja kwa huruma, wengine kutazama. Bi Salha alikuwa amevaa leso zake nzuri, zile za sikukuu. Alikuwa anaosha mtungi wa kioo ambao pembe-paa ingesafirishwa nao, anaosha, anasuuza, anaosha tena. Mhina alikuwa amesimama kando na kisanduku cha barafu, hajui aweke wapi macho.

Nilisogea tangini. Tawi moja. Vipunga vilikuwa vimelizunguka tangu jana, kimoja kimeshaweka kiganja juu yake. Kikifunga, zambarau inaonekana. Kikifungua, haionekani.

"Bi Salha," mwanamke mmoja akasema kwa nyuma, "si umtaje tu aliyekupa? Utabebaje mzigo peke yako?"

"Aliyenipa alinipa kwa wema," akajibu bila kugeuka. "Mimi ndiye niliyetia mkono majini."

Kwa wema! Jamani. Neno hilo lilinichoma kuliko chokaa. Wema gani wa mtu aliyekosa cha kupika, akatafuta pa kutupa uchafu wake, akaufunika na kawa? Nilitaka nimwambie sikuwa na wema wowote siku ile, Mama, nilikuwa na mgongo unauma. Badala yake nilisikia sauti yangu inamwita Mhina.

"Usitoe jiwe. Njoo kwangu."

"Kuna nini, dada?"

"Njoo tu. Kabla sijabadili mawazo."

Wakatufuata wote. Sikuwaalika, lakini mtaa wetu hausubiri mwaliko. Sebule yangu ikajaa, Mwanakombo mbele kabisa na misuko yangu kichwani. Nikasimama mbele ya kile kijisanduku juu ya tangi tunachokiita Mlinzi, ambacho kwa kawaida hunikumbusha tu kuongeza chumvi.

"Nataka taa ya kwaheri," nikakiambia.

Kikauliza kwa sauti yake ya upole, ya mwanamke asiye na haraka: "Mwanasiti binti Shekue, ukoo huu wa vipunga ni wako?"

"Ni wangu."

"Umeutoa nje ya tangi hili?"

"Nimeutoa. Niliutia kwenye bakuli la Bi Salha. Kwa mkono wangu."

Taa ya tangi ikazimika, ikawaka tena kwa rangi ambayo sina jina lake, kati ya kijani na zambarau iliyoiva, inayoumiza meno ukiitazama sana. Kwanza vipunga havikujali. Halafu kimoja kikafumba hakikufungua. Kikafuata kingine. Ule mwendo wao wa siku zote ukapungua kama mkono wa mtu anayechoka kuaga, ukasimama. Vikaanza kuachia. Vilishuka kwa mafungu, vikizunguka majini, kama nywele zinavyoanguka kutoka kwa mteja ninapofumua kazi ya zamani.

Na chini yake likaonekana bongo la bahari langu.

Lilikuwa jeupe. Mikunjo yake yote ipo, kila bonde na kila tuta, na ndani hamna kitu. Kwenye kingo zake mwani ulikuwa umeshaota, mwani wa zamani.

Mhina akapiga magoti, akalimulika kwa tochi. "Tangu lini?" akauliza taratibu.

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikutaka kujua, Bwana Mhina. Juu palikuwa panapendeza."

Kutoka nyumba ya pili tukasikia mtu anapiga vigelegele. Alikuwa mpwa wa Bi Salha aliyebaki kulinda tangi. "Vimeachia! Vimeachia vyote! Tawi liko wazi!" Watu wakatoka mbio kwenda kuona, sebule ikabaki na mimi na Mhina na ile taa. Nikaomba aizime. Akasema lazima iwake mpaka kipunga cha mwisho, basi tukakaa tunasubiri.

*

Tangi langu lilichukuliwa. Pale lilipokuwa pamebaki alama ya chumvi sakafuni, nimeisugua kwa siki na haitoki.

Tawi la pembe-paa limepona. Mwanakombo ndiye aliyeniletea habari, maana anakuja kusuka bado, ingawa siku hizi anaongea kidogo akiwa mikononi mwangu. Amesema kwenye ncha limetoa vichomozo vipya, vidogo kama punje za mtama. Niliposikia nilikwenda chumbani nikalia, nikarudi nikamalizia kichwa chake.

Halafu nikapika. Nilipika tambi za nazi kama ninavyozipika Idi, na zabibu na iliki, sikubania kitu. Nikazitia kwenye bakuli langu mwenyewe, la bati lenye mstari wa kijani, nikaenda nikapiga hodi.

Bi Salha alipokea. "Ahsante, mwanangu." Hakunikaribisha ndani, wala hakunifukuza. Nyuma ya bega lake niliona kona ya tangi tu.

Baadaye alikuja mwenyewe kulirudisha bakuli, taratibu, na fimbo yake. Nilimwona kutoka barazani, nikasimama, nikafuta mikono kwenye kanga. Nilishaanza kuwaza atakuwa ametia nini. Hata limao moja, nikasema. Hata chumvi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Tambi zilikuwa tamu. Nimezila zote."

Akanipa bakuli kwa mikono miwili. Lilikuwa limeoshwa, limesuguliwa, bati linang'aa. Ndani hamkuwa na kitu.

Nikalishika.

"Si kwamba sina," akasema. Alinitazama usoni, na macho yake hayakuwa na hasira. "Jikoni vitu vipo. Nilishika viazi, nikavirudisha. Nikashika mayai, nikayarudisha. Kila ninachotaka kutia, mkono unakataa. Nikasema nije nikwambie kweli, nisije nikakupa kitu kwa kuwa tu bakuli linataka."

"Haya, Mama."

"Labda siku nyingine."

"Haya."

Akageuka na fimbo yake. Nililibeba bakuli ndani, nikaliweka mezani, nikakaa mbele yake. Mpaka leo sijalitia kitu.